Trela la Marehemu Emil

Wanaotazama mahakama kwenye televisheni hudhani kila kesi humalizwa na jopo la raia na mawakili wanaopiga meza. Mimi ndiye askari wa mahakama ya kaunti yetu hapa Nebraska. Kazi yangu ni kufungua mlango, kuwasimamisha watu hakimu akiingia na kuwakodolea macho wanaotafuna bazoka, nami nawahakikishia kwamba kesi za wizi huishia kwenye korido, kando ya mashine ya soda. Wakili wa mshtakiwa na mwendesha mashtaka hunong'onezana hapo, kosa kubwa linageuzwa dogo, kisha wanaingia ndani kumpa hakimu kitu kilichokwisha kuiva. Kwa kawaida hata sisikilizi. Ya Leland Kubicek niliisikiliza.

Leland ndiye dereva wa basi la shule, na pia ana ng'ombe wachache. Alishtakiwa kwa kuiba trela la kubebea ng'ombe la jirani yake, Emil Vondra. Emil alikuwa amefariki majira ya baridi, na binti yake Gwen, aliyehamia Omaha tangu utotoni, akaja kupanga mnada wa vitu vya shamba. Akatafuta trela, halipo. Akampigia simu sherifu, kama ambavyo mtu yeyote wa Omaha angefanya.

Naibu wa sherifu alilikuta kwa Leland, limeng'olewa mbao za sakafu, limekwanguliwa kutu, limepakwa rangi mpya upande mmoja, na kibao cha namba kimewekwa juu ya pipa. Kwa macho ya naibu, yule kijana aliyeletwa kwetu mwaka jana, huo ulikuwa wizi unaofichwa mchana kweupe. Kwa macho yetu lilikuwa jambo la kila siku tu. Huku kwetu ukiazima kitu cha jirani unakichukua uani bila kubisha hodi, na unakirudisha kikiwa kizima kuliko ulivyokikuta, na juu ya kiti au ndani ya ndoo unaacha kitu cha kutafuna. Leland alilichukua trela Emil angali hai, akaona mbao zimeoza, akaanza kuzibadilisha. Emil akafa kabla hajamaliza.

Sherifu hakuwa na nafasi uwanjani kwake, kwa hiyo trela lilibaki kwa Leland, naye akakatazwa kuligusa. Likakaa hivyohivyo nusu rangi, nusu kutu, akilipita kila asubuhi akienda kuwasha basi.

Thamani yake ilitosha kuifanya kesi kuwa jinai kubwa. Mtu mwenye jinai kubwa haendeshi basi la watoto katika kaunti hii, wala kaunti ya jirani. Hilo ndilo lililomleta Leland kwenye korido siku ile, amevaa koti la mazishi, mikono hajui aiweke wapi.

Wakili wake, Bi Okafor, ambaye kaunti humlipa kuwatetea wasiojiweza, alimweleza taratibu. Mwendesha mashtaka alikuwa tayari kulishusha shtaka liwe kosa dogo: hakuna jela, mwaka mmoja wa uangalizi, trela lirudishwe, na bodi ya shule ilikuwa imekubali kumwachia basi lake.

"Na nikikataa?" Leland aliuliza.

"Tunakwenda mbele ya jopo. Huenda tukashinda. Lakini wataonyeshwa picha za ile rangi, mzee wangu, na mtu pekee anayeweza kusema alikuruhusu yuko makaburini."

"Emil hakuwahi kuniruhusu. Hatukuwa tukiombana ruhusa."

"Hilo usiliseme mle ndani," alisema Bi Okafor, na nilimwona amechoka. Alikuwa na kesi nyingine tatu zikimngoja kwenye benchi hilohilo.

Leland akakubali shingo upande. Tukaingia.

Hakimu wetu ni mtu mpole na huuliza maswali yaleyale kwa kila anayekiri, kwa sauti ileile. Umeelewa haki zako? Kuna aliyekutisha? Leland akajibu vizuri. Gwen alikuwa kiti cha nyuma, mkoba mapajani. Kisha likaja lile swali ambalo bila jibu lake hakimu hawezi kupokea kukiri.

"Bwana Kubicek, ulipolichukua trela hilo, ulikusudia kutolirudisha?"

Bi Okafor alitazama karatasi zake. Leland alinitazama mimi, sijui kwa nini, labda kwa sababu niliwahi kuliazima trela hilohilo nikahamisha kabati za mama yangu. Nilitaka kusema kitu. Kazi yangu hainiruhusu kusema kitu, nami nikanyamaza, na mpaka leo naona uchungu.

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema. "Nilikusudia."

Hakimu akamshukuru kwa ukweli wake. Kesi ikafungwa, tukaita inayofuata.

Wiki hiyo niliagizwa nikashuhudie trela likikabidhiwa. Leland alifika shambani kwa Emil akiliburuta nyuma ya gari lake, na kwanza sikulitambua. Sakafu mpya, rangi pande zote, taa zinawaka, kibao cha namba kimerudi mahali pake. Gwen alitia saini karatasi yangu, akafungua mlango wa nyuma kukagua. Ndani, katikati ya sakafu, palikuwa na boksi limefunikwa kitambaa. Kolachi za plamu, vile vimikate vitamu vya Wacheki wa huku, bado zina joto.

"Hizi ni za nini?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Za kuazima," nikamwambia. "Baba yako alizipenda za plamu."

Alisimama pale na kitambaa mkononi. Niliona jambo likimwingia polepole, akatazama zile mbao, akazigusa.

"Sasa kwa nini alisema aliiba?"

"Kwa sababu ndivyo alivyoulizwa."

Akauliza kama hukumu inaweza kufutwa. Nikamwambia hakimu ameshapiga muhuri. Akaniacha, akamwendea Leland aliyekuwa akifungua mnyororo. Macho ya Gwen yalikuwa yamejaa machozi. Akamwambia hatalitia trela kwenye mnada, litabaki uani, na yeye alichukue wakati wowote, kama alivyozoea, bila kumwuliza mtu.

Leland alivua kofia. Alimjua Gwen tangu akimpakia kwenye basi la shule, msichana mdogo asiye na meno mawili ya mbele, na siku zote alikuwa akimwita Mdudu.

"Asante, Bi Vondra," alisema. "Lakini ruhusa hiyo uniandikie."