Herufi za Mama Masjala

"Shikamoo, mama. Nimekuletea toleo jipya la programu," fundi wa kompyuta alisema, akatua mkoba. Hii ilikuwa mashine ya thelathini na nane tangu Jumatatu, na mgongo haukuwa wake tena.

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nihifadhi barua hii. Bosi anaitaka saa tisa."

Mama Masjala, ndivyo ofisi nzima ilivyomwita, alikuwa amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, na pua yake nusura iguse kioo. Fundi alitaka kucheka. Kisha akakumbuka kwamba zamani mama huyu alikuwa akichapa huku ameegemea kiti, anapiga soga na kila aliyepita.

"Barua gani hiyo ya haraka?"

"Ya kuacha kazi. Macho yamegoma. Tangu mlete lile toleo la mwaka jana, herufi zimekuwa kama sisimizi. Nikasema ndivyo zilivyo siku hizi, mimi ndiye nimepitwa."

Fundi akanywea. Herufi hazikuwa zimepungua zenyewe. Mwaka jana, toleo lile liliiweka kando mipangilio ya kila mtu, ukubwa wa herufi na rangi za kioo, kwenye folda yake, na kuirudisha ilikuwa robo saa kwa kila mashine. Bosi alisema rukeni, naye akaruka. Alikuwa hoi, anataka kwenda kwake kulala, basi. Na mama wa watu akakaa mwaka mzima akihangaika na sisimizi, hakumlalamikia mtu.

Akaweka toleo jipya. Lilipokwisha, akaitafuta ile folda. Ilikuwepo, na tarehe yake ya mwaka jana. Akairudisha, akangoja.

"Mama, si macho yako," akasema. "Ni mimi. Niliruka mipangilio yako. Nisamehe."

Mama akainua uso kutoka kwenye kioo.

"Daktari wa macho alinipima mara mbili, akasema yako vilevile," alisema. "Nikamwona hajui kazi."

Fundi akafungua ile barua, na kioo kikawa cheusi kama mama alivyokipenda, herufi za manjano zikajaa, kubwa, hata mtu wa mlangoni angesoma: NAOMBA KUACHA KAZI KWA SABABU MACHO YANGU HAYAFAI TENA.

Mama akavua miwani ya kwanza. Akavua na ya pili. Akasukuma kiti nyuma taratibu, mpaka miguu ya kiti ikaingia kwenye vishimo ilivyokuwa imechimba katika zulia miaka yote ile. Akaegemea.

Fundi alikuwa bado ana mashine tatu za kushughulikia. Akavuta kigoda, akakaa.

Simu ya mezani ikaanza kulia. Ilikuwa saa tisa kamili. Mama hakuinyanyua, alikuwa anaisoma barua yake polepole, kutoka kule mbali, kama imeandikwa na mtu mwingine.