Madoa ya Upande wa Kulia

Mimi si mtu wa kuamini haraka, na sioni aibu kusema hivyo. Nimetunza stoo ya hospitali miaka ishirini na miwili. Kule, mtu akikuamkia kwa heshima iliyopita kiasi, jambo la kwanza unahesabu mashuka. Ndiyo maana ukarabati wa nyumba ulipofikia rangi, fundi rangi nilimtimua siku ya kwanza tu, baada ya kumkuta akimimina thina kwenye vanishi yangu mpaka imekuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Nikachukua likizo ya wiki tatu. Milango na fremu zake nitazipaka rangi mwenyewe, nikasema, na atakayecheka acheke.

Nyumba ni yetu wawili, mimi na dada yangu. Wazazi ndio waliotuachia. Yeye ni fundi cherehani, ananizidi miaka sita, na ni mjane. Mimi sikuwahi kuolewa, na waliopita njia hawahesabiki. Tulikubaliana tuikarabati tuzeekee humo, yeye akishona sebuleni, mimi nikimgombeza. Hayo ndiyo maisha niliyoyataka, sikutaka mengine. Kwa hiyo siku nilipohisi kwamba dada anataka kuniacha humo peke yangu, niliingiwa na hofu ambayo hata mwizi hajawahi kunitia.

Ilianzia kwenye simu. Nilikuwa nimepiga magoti koridoni, napiga msasa fremu ya mlango wa jikoni, naye yuko chumbani kwake anaongea na kaka yetu anayeishi mji mwingine. "Jumamosi ya wiki ijayo lete gari," nikamsikia. "Cherehani itaenea nyuma. Hapana, yeye hajui. Nitamwambia mwenyewe."

Msasa ukanidondoka. Mtu mwingine angeingia akauliza. Mimi nilinyamaza nikusanye ushahidi kwanza, maana ndivyo stoo ilivyonilea.

Na ushahidi ulikuwepo tele, ila nilikuwa sijauangalia kwa jicho hilo. Jumanne tatu mfululizo alitoka akisema anampelekea mteja nguo, na mkoba wake hauna hata kitambaa. Nikimwomba anishikie ngazi, "Aa, mdogo wangu, mimi na ngazi hatuelewani." Nilipomwonyesha rangi niliyochagua, hudhurungi nzito, akakunja uso. "Kwa nini usiziache hivihivi na weupe wake?" Weupe! Mbao nzuri kama ile iachwe kama sanduku la mizigo! Mtu anayekusudia kuishi ndani ya nyumba hasemi hivyo.

Jumatatu nikaanza kupaka. Rangi yangu ilikuwa ya unga, ile unayokoroga kwenye maji ya uvuguvugu, unaichuja, unaipaka kufuata mshipa wa mbao, halafu unapangusa kwa kitambaa kabla haijakauka. Fremu ya mlango wa choo ikanywa rangi vizuri mpaka nikaanza kuimba. Nilipofika upande wa kulia, usawa wa kiuno, wimbo ukaisha. Palikuwa na doa jeupe pana kama kiganja, rangi imekataa kabisa kuingia. Nikapaka tena, ikateleza. Nikaenda fremu ya stoo: upande wa kulia, usawa wa kiuno, doa.

"Seremala!" nikasema peke yangu. "Amenipiga kwa mbao mbovu!"

Nilimpigia simu na maneno niliyomwambia sitayarudia hapa. Akaja mchana uleule, mzee wa watu, mtulivu, kalamu nyuma ya sikio. Huyu ndiye aliyenipachika jina la Bi Mkaguzi, na nina hakika kwake analitumia nikiwa sipo.

"Bi Mkaguzi, mbao ni zilezile ulizochagua mwenyewe ukizigonga moja moja," alisema. Akachovya kidole kwenye kikombe cha maji, akadondosha tone juu ya doa. Tone likakaa, likajikusanya, halikuingia. "Umeona? Hapa pana mafuta. Mtu ameshika mbao kavu kwa mkono wenye mafuta. Hayaonekani mpaka upake rangi, na rangi ya maji haipiti penye mafuta."

"Mafuta gani?"

Akasugua, akanusa. "Ya kula siyo. Mepesi haya, kama ya mashine."

Sebuleni cherehani ya dada ilikuwa inalia tarararara. Seremala akanitazama, akatazama kule, akaokota mkoba wake. "Futa kwa thina, upige msasa upya," alisema, akaondoka upesi. Anajua kwamba wanawake wawili wa nyumba moja wakianza kutazamana, mwanamume atafute mlango.

Nikafuta, nikapiga msasa, nikaiacha mbao safi ilale. Asubuhi yake, baada ya kuoga, nikapaka. Madoa yamerudi! Na siyo mawili tena. Milango yote minne ya koridoni, upande wa kulia unapotoka sebuleni, usawa uleule. Doa la bahati mbaya linatokea popote. Haya yalikuwa na mpangilio, na mimi mpangilio naujua nikiuona.

"Dada," nilimwambia akinywa chai, "nani anazishikashika fremu zangu?"

"Kwani zimekuwa zako peke yako?" Akanigeuzia kichwa chote, polepole, siyo macho tu. "Labda mbao ina mafuta yake." Halafu akavua miwani akaipulizia. Dada yangu akidanganya lazima apulizie miwani, tangu nianze kumfahamu.

Basi nikaunganisha mambo. Anaondoka Jumamosi, nusu ya nyumba ni yake, na anaitaka. Ananiharibia kazi nichoke, nikate tamaa, nikubali tuuze. Dada niliyekula naye sahani moja! Siku mbili sikumsemesha ila kwa lazima. Alikuwa akiniaga kulala, nami naitikia ukutani. Nilikuwa na hasira, lakini chini ya hasira nilikuwa naogopa, na nilijua.

Alhamisi nikamtegea. Nilikuwa nimegundua madoa yanatokea ninapokuwa bafuni, saa tatu. Saa tatu ikafika, nikapita mbele yake na taulo begani. "Naenda kuoga," nikasema kwa sauti ya kutangaza. Nikafungua bomba kidogo lidondoke ndooni, nikatoka kwa ncha za vidole, nikajibanza nyuma ya mlango wa chumba changu na kuacha upenyo.

Nikamsikia anatia mafuta kwenye cherehani, kama afanyavyo kila asubuhi kabla ya kushona. Kiti kikasogea. Akatokea koridoni, anajifuta vidole kwenye aproni. Akasimama. Akafumba macho.

Sikuelewa naona nini. Alinyoosha mkono wa kulia, akaanza kutembea huku midomo ikihesabu. "Nne, tano. Choo." Kiganja kikatua kwenye fremu, pale pale penye doa. "Tatu. Stoo." Kikatua. Hatua mbili tena, na mguu ukagonga ngazi yangu, ambayo asubuhi hiyo nilikuwa nimeihamishia pale. Ilimgonga mfupa wa mguu, ile sehemu inayotoa machozi. Akaziba mdomo asipige kelele. Akafumbua macho, akarudi mpaka mlango wa sebuleni, akayafumba tena.

Mwenye akili angetulia akafikiri. Mimi nikaruka nje.

"Nimekukamata!"

Akashtuka mpaka akakaa chini. "Si unaoga wewe?"

"Inaoga ndoo!" Nikakimbia kufunga bomba, nikarudi nikiwa bado nafoka. Nikamwaga yote: mafuta, simu, gari, cherehani itakayoenea nyuma, nusu yake ya nyumba. "Funga virago vyako basi! Lakini kazi yangu ya mikono unaniharibia kwa nini? Nimekukosea nini?"

Aliniacha nikaishiwa pumzi. "Umemaliza? Njoo ukae hapa mbele yangu."

Nikakaa sakafuni. Akanishika mkono, akauweka kando ya sikio lake. "Uulete mbele polepole. Nitakwambia nikiuona." Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama usoni. Nikauleta mkono mpaka usawa wa jicho. Kimya. Nikausogeza tena, shavuni. Kimya. Ulikuwa karibu kugusa pua yake aliposema, "Sasa."

Nikarudia upande wa pili. Ikawa vilevile.

"Presha ya macho," alisema. "Katikati naona vizuri, uzi natunga mwenyewe, ndiyo maana hukujua. Pembeni kumekufa. Zile Jumanne nilikuwa naenda kliniki. Wanasema kilichopotea hakirudi, na matone wanayonipa ni ya kulinda kilichobaki, yakikubali."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Na unaniambia leo!"

"Sijakwambia. Umenikamata."

Nikataka kucheka, ikatoka sauti nyingine. Akaendelea, taratibu, kama mtu anayesoma vipimo vya gauni. "Kwa kaka kuna watu siku nzima. Wewe una kazi yako. Siwezi kukaa hapa nikusubiri jioni uje unishike mkono kunipeleka chooni. Nikajiambia, kama nitaimaliza nyumba hii macho nimefumba, nisigonge kitu, nabaki. Nisipoweza mpaka Jumamosi, nakwenda. Wiki tatu hizi najaribu, mdogo wangu. Sijafaulu hata mara moja."

"Nyumba hii umezaliwa humu! Inakushinda nini?"

"Unanishinda wewe!" Hapo ndipo alipopaza sauti. "Leo ngazi iko hapa, kesho iko kule. Kopo, ndoo, mlango umeung'oa umeuegemeza njiani. Na fremu zilipokuwa nyeupe zilinisaidia, nilikuwa naona mlango uko wapi. Umezifanya nyeusi, na kwa giza la koridoni ukuta na mlango vyote vimekuwa kitu kimoja kwangu."

Aibu iliyonishika siwezi kuielezea. Wiki nzima nimemtafuta anayeniharibia nyumba, kumbe aliyekuwa anaharibiwa nyumba ni yeye, na mharibifu alikuwa na brashi mkononi.

"Dada," nikasema, na maneno yakanitoka bila kupimwa, "mimi naogopa kubaki humu peke yangu. Ndiyo hivyo tu. Rangi, mbao, yote hayo ni kelele."

"Kumbe," alisema. "Mimi nilidhani unachoogopa ni madoa."

Niliinuka nikatoa vitu vyote koridoni: ngazi, makopo, magazeti, mpaka viatu. Nikavitupa uani bila kuchagua. "Haya," nikamwambia. "Jaribu sasa."

Akasimama mlangoni mwa sebule, akafumba macho. Mimi nyuma yake, mikono nimeifungia mgongoni isije ikamshika. Choo, akakipata. Stoo, akaipata. Fremu ya jikoni nilikuwa nimeipiga vanishi saa moja asubuhi, na kidole chake kilipoigusa akakirudisha.

"Mbichi hii."

"Shika."

"Itaharibika, wewe."

"Shika, nimekwambia!"

Akabandika kiganja kizima. Akaingia jikoni, akatafuta sinki, akafungua bomba, akalifunga, akageuka. Wakati wa kutoka bega lake likaparuza fremu ya upande wa pili, kidogo sana, sauti yake ikapotea kwenye nguo. Akahesabu kurudi, stoo, choo, mpaka kwenye kiti chake mbele ya cherehani. Akakaa. Hakufumbua macho.

"Nimegonga?"

Jamani, nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Jumamosi ilikuwa keshokutwa, na neno moja tu la uongo lingelifuta lile gari. Nikatazama uso wake, ule uliotulia ukisubiri.

"Bega," nikasema. "Jikoni, ulipokuwa unatoka. Kidogo."

Akalishika bega lake.

"Nililisikia," alisema, akafumbua macho. "Nilitaka nijue kama utaniambia."

Akapapasa simu mezani, akaileta karibu na pua, akabonyeza kwa kidole chenye vanishi. "Kaka," alisema, "usilete gari." Upande wa pili ukaongea maneno mengi. Dada alisikiliza mpaka mwisho, mkono mwingine umelala juu ya cherehani. "Hapana, sijaweza bado," alisema. "Ila nimepata wa kuniambia nikigonga."