Msamaha Unaoishia Mpakani

Mwalimu Nerima wa Masafu, Uganda, alikuwa na chuki aliyoifuga mpaka ikanona, wala hakuionea haya. Miaka minne iliyopita Fidel, Mkenya wa Busia ya ng'ambo, alivunja nyumba yake. Paddy, mdogo wake Nerima, akamkimbiza mwizi hadi upande wa Kenya, na huko Fidel akamuua kwa panga mbele ya watu wawili. Akarudi Uganda kujificha Tororo, akanaswa. Uganda ikamfunga miaka kumi kwa wizi. Kesi ya damu ikabaki Kenya, ikimngoja amalize kifungo.

Subira huvuta heri, wanasema. Nerima hakuwa na haja ya heri, alimtaka Fidel. Na shahidi mmoja alikwisha kufa. Wa pili, Ikwap, mwendesha baiskeli, alikuwa akikohoa damu. Baada ya miaka sita nani angesimama mahakamani?

Ndipo Felistus, mke wa Fidel, alipokuja kumpigia magoti uani.

"Mwalimu, tumeomba msamaha wa rais. Wanataka barua ya aliyeibiwa. Nisaidie, watoto wanateseka."

Nerima nusura amfukuze kwa mchi. Kisha akakumbuka anayowaandikia wanafunzi ubaoni kila mwaka: rais ni amiri jeshi mkuu, huteua mawaziri, hutia sahihi miswada, husamehe wafungwa. Wafungwa wa nchi yake.

"Na ile ya Paddy?" akauliza taratibu.

"Si rais atakuwa amesamehe? Mkubwa akisema, imeisha. Nani atamuuliza tena?"

"Basi mimi naandika."

Moyo ulimruka kwa furaha mbaya, tena tamu. Aliandika kwa mwandiko mzuri kwamba amemsamehe Fidel wizi wa nyumbani kwake. Kesho yake akavuka mpaka kumwona inspekta wa Kenya mwenye jalada la Paddy.

Msamaha ulitoka mwezi wa kumi. Nerima akampigia inspekta simu. Fidel alitoka gerezani na shati jipya, akashuka kwenye boda pale Busia, akavuka kwa miguu huku Felistus akipiga vigelegele. Hatua kumi ndani ya Kenya akatiwa pingu.

"Rais amenisamehe!" akapaza sauti, akipunga karatasi.

"Rais yupi, ndugu yangu?" inspekta akauliza.

Felistus aligeuka, akamwona Nerima amesimama karibu na wabadili fedha.

"Mwalimu! Si uliandika umesamehe?"

"Ya nyumba yangu nilisamehe," Nerima akasema. "Ya Paddy, hapana. Na Ikwap bado anapumua."