Uso wa Malaika Juu ya Meko

Anselme aliufungua mlango wa Perrine kwa teke. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, na fundi mwashi kwenye abasia, makao ya kale ya watawa yaliyokuwa yakijengwa upya kilimani. Nyuma yake walikuja vibarua wawili wenye mitalimbo, na Bwana Varenne, msanifu aliyeletwa kutoka Paris.

Bonde lote lilikuwa limejengwa kwa mawe ya abasia. Mwaka wa mapinduzi wazee wa wanakijiji waliwafukuza watawa kwa mundu, wakachoma paa, wakabomoa kuta, kila mtu akajibebea. Sasa Varenne alipita nyumba kwa nyumba akiyadai. Kwa Perrine alitaka jiwe moja tu: lenye uso wa malaika, lililofunga tao la lango kuu kwa miaka mia sita, na ambalo sasa lilikaa juu ya meko yake.

Perrine akamweleza kwamba dohani yote imelilalia jiwe hilo. Varenne akasema ni pambo tu.

Perrine akamgeukia Anselme. "Shemeji, wewe ndiye mwashi. Mwambie zitangulie nguzo za kuishikilia dohani. Nyumba ikianguka nitalala wapi?"

"Nguzo za nini? Baba alilipachika hapo akiwa amelewa chakari. Kaa kando kabla sijakukalisha."

Vibarua wakacheka. Perrine akachota maji ya moto chunguni, akammwagia kifuani. Anselme akanguruma, akamtandika mpini wa nyundo mdomoni. Jino likatoka na damu. Kibarua mmoja akamkandamiza sakafuni kwa goti, na Anselme akauchomeka mtalimbo nyuma ya malaika.

Jiwe likatoka. Dohani ikalifuata, kisha ukuta, kisha nusu ya paa.

Vumbi lilipotua, Anselme alionekana miguu tu, nayo ilikuwa ikitikisika. Varenne akapapasa kifusi mpaka akalipata jiwe, akalipuliza uso.

"Halina hata mkwaruzo," akasema. "Lipakieni hili kwanza."

Vibarua wakatazamana. Wakainama kulibeba.

Perrine akaiokota nyundo. Pigo la kwanza liling'oa pua ya malaika, la pili macho. Varenne alipomdaka bega, la tatu lilimvunja mkono. Akaendelea kupiga mpaka malaika akawa kokoto. Kisha akaitupa nyundo, akapiga magoti chini ya anga tupu, mahali palipokuwa jiko lake, akaanza kumfukua shemeji yake kwa kucha. Miguu ilikuwa imeshatulia.