Jarida Linalokohoa

Mshonaji ambaye majirani walimwita Mama Magazeti hakununua jarida jipya hata siku moja. Alitaka ya zamani, yenye madoa ya chai na chemshabongo iliyojazwa nusu na mtu aliyekata tamaa. Wauzaji wakiandika "Hali: limetumika," kwake hiyo ilikuwa sifa.

Aliloling'ang'ania zaidi lilikuwa na picha ya kiwanda cha nyuzi kwenye jalada. Mbele alisimama mwenye kiwanda, nyuma wanawake wa mashine, na mmoja wao ni marehemu mama yake. Maelezo yalimtaja mwenye kiwanda kwa jina na cheo, kisha yakasema, "pamoja na wengine." Muuza vitabu chakavu alikuwa amelitenga ndani ya ndoo.

"Hilo linakohoa, dada. Linanifukuzia wateja."

"Nifungie."

Lilikohoa kila alasiri, zamu ya kiwanda inapotoka. Mshonaji aliweka kikombe cha maji ya moto kando yake, na kabla ya magharibi kikombe kilikuwa kitupu. Mama mdogo, aliyesimamia mashine ya pili kiwandani humo na kifua bado kinamtesa, alimjibu dada yake kwa kikohozi kutoka kitandani. Majirani walizoea.

Kilichomkera mshonaji ni daktari wa kiwanda, aliyesema kifua kile ni cha moshi wa kuni. Nyumbani kwao hakujawahi kuingia ukuni. Walipikia mafuta ya taa. Alitaka mtu mmoja tu wa kiwandani atamke kwamba ni vumbi la pamba.

Akaja mjukuu wa mwenye kiwanda, anatafuta jarida hilo alitundike ukutani kwa ajili ya sherehe za kiwanda. Mshonaji akamkalisha makusudi, akajifanya anamalizia pindo, mpaka likaanza kukohoa.

"Nani huyo?"

"Mama yangu."

"Pole sana, mama. Alitutumikia vizuri."

"Alitumika, ndiyo. Sasa sema kilichomuua."

Kijana akaligeuza jarida, akalitazama mgongoni.

"Huna lisilokohoa?"

Hasira ilimkaba mshonaji hata akajidunga sindano. Akamnyang'anya jarida, akamwonyesha mlango.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mama mdogo akasema kutoka kitandani. "Hawa wameficha yetu, tunaumbuka sisi."

Kijana alipata nakala kwingine. Mshonaji alipokwenda kuiona, ilikuwa imetundikwa mapokezi ya kiwanda nyuma ya kioo kinene, haisikiki. Mabega ya mama yake pichani yalikuwa yakitikisika. Mfagiaji alikuwa anafuta ukungu kwenye kioo, lakini ukungu ulikuwa upande wa ndani, basi akaacha.

Zamu ikatoka. Mwanamke mmoja akaegemea ukuta chini ya picha, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Mshonaji akampa leso.

"Ahsante, dada," yule mwanamke akasema, nyuzi nyeupe zimemganda kwenye nyusi. "Hizi kuni zitatumaliza."