Mgonjwa wa Derna

"Leo umemsikia Mabruka?" Mzee Miftah aliuliza.

Elinaja alikuwa amepiga magoti kwenye zulia, akimkausha maji katikati ya vidole vya miguu. Hakuinua uso. "Anakusalimu, mzee. Anasema mguu haumsumbui tena."

"Alhamdulillahi. Mwambie asikae kwenye baridi."

"Nitamwambia."

Mabruka, binti wa mzee, alikuwa amekufa tangu mwaka jana. Mabwawa yalipasuka juu ya mji wa Derna, kule Libya, na maji yakamchukua yeye na nyumba na mtaa mzima. Huku ughaibuni, katika fleti ya mzee ya Woolwich, Elinaja ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua, kwa kuwa simu ya mzee ilipolia mzee alikuwa bafuni, na yeye, mtunzaji wake, ndiye aliyeipokea. Alikuwa Wanis, mtoto wa mwisho, akipiga kutoka Benghazi. "Dada, mimi siwezi kumwambia," alisema kwa Kiingereza cha kuokoteza. "Kaka yangu Salem atampigia kutoka Tripoli."

Sasa, Elinaja ni mtu wa Same. Kwao hakuna mwenye akili timamu anayempasulia mwenzake msiba akiwa peke yake, taulo kiunoni. Unasema mgonjwa kazidiwa. Unavuta muda, watu wakusanyike, ndugu wafike, kisha wakubwa waseme. Hata yeye, mama yake alipofariki, aliambiwa "mama anaumwa kidogo, njoo," akaja kuelewa alipoliona turubai uani. Kwa hiyo alimwambia mzee kwamba Mabruka amepatikana, yuko hospitali, ameumia mguu. Akachemsha chai, akasubiri ndugu waje.

Ndugu gani? Nchi yenyewe ina serikali mbili, na nyumba ya Mzee Miftah nayo ilikuwa imepasuka hapohapo. Salem yuko wizarani Tripoli, Wanis yuko upande wa mashariki, na hawajasemeshana tangu vita vya kugombea Tripoli. Salem alidhani Wanis kasema. Wanis alidhani Salem kasema. Kila mmoja alipopiga simu akamsikia baba yake akisema Mabruka anaendelea vizuri, aliguna tu, akaamini kwamba uchungu umemvuruga mzee akili.

Na mgonjwa wa kutungwa hawezi kulazwa milele. Ama apone, ama afe. Elinaja hakuwa na moyo wa kumuua, akamponya. Watu wa Derna walipoandamana na kuichoma nyumba ya meya, mtandao ukakatika, na yeye, Mungu amsamehe, alishukuru, maana alipata sababu ya Mabruka kutopiga simu. Serikali zile mbili zilipogombania benki kuu, mzee alishinda na redio yake ya Kiarabu akiwahofia wanawe wa kiume, wasije wakatumwa kuuana. Elinaja akamtuliza kwa salamu za Mabruka, akidai huletewa kwa ujumbe kwenye simu yake mwenyewe. Kahamia kwa shangazi. Anatembea. Jana kapika kuskusi.

Yote hayo yalimrudia. Ndani ya basi alianza kumwona mwanamke kwenye kiti cha mbele, mtandio umelowa chapachapa, asiyegeuka hata siku moja. Bafuni kwa mzee alisikia harufu ya tope, akasugua vigae mpaka mikono ikawasha, na harufu ikabaki palepale. Aliogopa. Wakati mwingine alipotamka "anakusalimu," alihisi kuna mtu nyuma yake amevuta pumzi.

Asubuhi hiyo, baada ya kumkausha mzee miguu, alipokuwa akitundika taulo, Salem alimpigia.

"Kesho social worker, ofisa wa ustawi, anakuja kufanya assessment, kumpima baba akili," alisema. "Nimeomba baba ahamishiwe care home, ile nyumba ya wazee wenye dementia, waliopotewa na kumbukumbu. Anaongea habari za marehemu kama yuko hai. Wakikuuliza, wewe sema ukweli tu."

Elinaja aliketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Mzee huyu hakuwa na dementia. Alikumbuka dawa zake zote, alikumbuka hata siku Elinaja alipokuja na soksi zisizofanana akamtania wiki nzima. Kesho wangemuuliza ana watoto wangapi walio hai, angesema watatu, na kwa jibu hilo wangempeleka kwenye mlango wa kufungwa kwa namba za siri.

Alimpigia Gladness, wanayesali naye ibada ya Kiswahili.

"Si umwambie tu sasa hivi," Gladness alisema. "Uko naye hapo."

"Peke yake, Glady? Njoo na watu."

"Watu gani? Mzee wa watu hatumjui."

"Kwani mama yangu mlimjua? Na niliporudi huku kutoka kumzika, mlikuja."

"Natoka shift saa nane. Chemsha maji."

Mchana walikuja. Gladness na chupa ya chai, Deus akiwa bado kwenye sare yake ya udereva wa basi, na Bi Mwanabaraka wa Tanga, jirani wa ghorofa ya chini, na tasbihi yake. Walivua viatu mlangoni, wakaketi chini, na hakuna aliyesema kitu.

Mzee Miftah aliwatazama mmoja mmoja. Kisha alizima redio. Hata kwao, watu wanaoingia kimya wakaketi chini wana habari moja tu.

"Salem?" aliuliza.

Elinaja alitikisa kichwa kukataa.

"Wanis?"

Akatikisa tena. Mzee alishusha pumzi ndefu, na uso wake ukakunjuka, karibu atabasamu. Wanawe wote wawili walikuwa hai. Halafu Elinaja aliona tabasamu lile likipotea.

"Lakini umesema mguu haumsumbui."

"Alikufa siku ileile ya mafuriko, mzee. Wanis aliniambia. Mimi ndiye niliyekuficha."

Bi Mwanabaraka alianza kusoma dua kwa sauti ya chini. Mzee alimsubiri amalize.

"Na salamu?" aliuliza. "Mwaka mzima. Nani alikuwa ananisalimu?"

"Mimi, mzee."

Aliomba fremu yake ya kutembelea. Deus aliinuka kumsaidia, akakataa. Alisimama mwenyewe, taratibu, akajifunga kifungo cha juu cha shati, kwa kuwa kwao mfiwa hupokea mikono ya watu akiwa wima. Nao wakasimama. Alimpa mkono Deus. Alimpa mkono Gladness, akasema jambo kwa Kiarabu. Bi Mwanabaraka aliweka kiganja kifuani, naye akaweka chake.

Aliisogeza fremu hatua moja, na nyingine, hadi mlango wa jikoni aliposimama Elinaja. Elinaja alinyoosha mikono yote miwili, kama wanavyopeana pole kwao Same. Mzee alisimama mbele yake, akihema, vidole vyake bado vimeshika chuma cha fremu; mkono hakuutoa.