Breki Zikiwa Baridi

Marselina alikuwa fundi kabla hajawa mke wa mtu. Ufundi aliupata kwa baba yake, Mfipa aliyekuwa akitengeneza malori ya tumbaku Inyonga, na siku Malale alipokuja kumwona mara ya kwanza alimkuta chini ya lori, amelala juu ya boksi lililokunjuliwa, oili imemchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Malale alivua shati akaingia naye chini. Hakujua hata spana ya kushika. Alikuwa Msukuma, mtoto wa wafugaji wa Mpimbwe, aliyeacha ng'ombe akafungua duka la vipuri mjini Mpanda, na alichopenda kuliko vyote ni magari yanayokimbia.

Walipooana walinunua Impreza ya bluu iliyochoka. Wakati huo wakandarasi wa barabara walikuwa wameondoka Magamba na kuacha kambi yao, pamoja na kipande cha lami kilichozunguka uwanja wa malori. Wapenzi wa mbio wa Mpanda na Sumbawanga wakakiomba kijijini, wakawa wanakutana pale kila mwisho wa mwezi. Malale aliendesha mara chache tu. Siku moja alimwachia mkewe usukani, akakaa ubavuni, na aliposhuka aliwaambia wenzake wote, "Kuanzia leo dereva ni huyu. Mimi nitakuwa naosha vioo."

Gari la mbio halikai kama magari mengine. Kila baada ya kukimbia Marselina alimwaga oili ingali moto, akabadilisha mafuta ya breki kwa sababu yalikuwa yamechemka, akapapasa tairi moja moja kutafuta mpasuko. Kidogo kidogo wakaliboresha. Siti za nyuma ziling'olewa, rejeta ikawekwa kubwa zaidi, springi zikawa ngumu kiasi kwamba Malale alisema akipita juu ya njugu anajua zina punje ngapi. Mwisho wakaagiza pedi za breki za mbio. Pedi zile zilikuwa na tabia yao. Zikipata moto zinashika kama koleo. Zikiwa baridi, unakanyaga na gari linaendelea na safari zake. Kwa hiyo walikuwa na seti mbili, za mbio na za kawaida, na Marselina hakuliruhusu gari kuingia barabarani na zile za mbio. Kwenda Magamba walikuwa wanalivuta kwa kamba, na kwa kawaida pedi anazibadilishia kulekule.

Wiki moja mwezi wa tatu alizifunga zile za mbio mapema akiwa nyumbani, kwa kuwa mvua ilikuwa inatishia. Kesho yake Malale akaanza kutapika. Ilikuwa ini, walisema hospitali, na lilikuwa limeshaharibika muda mrefu bila yeye kujua. Hakufika Pasaka.

Gari likabaki uani Kawajense, limefunikwa turubai.

Baada ya arobaini ukoo ulikuja kutoka Mpimbwe. Aliyeongea alikuwa Manyanda, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Malale. Hakuwa mkali. Aliongea taratibu, kama mtu anayesoma bei.

"Binti yetu, hukubahatika kupata mtoto na Malale. Hatukulaumu. Lakini mali haiwezi kukaa hewani. Duka atalisimamia Zakayo. Na gari atachukua Zakayo."

Zakayo alikuwa mdogo wake Malale. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anachezea simu.

"Duka sawa," Marselina alisema. "Gari tumelijenga wawili, baba. Kila nati iliyomo nimeikaza mimi."

"Kadi ina jina la nani?"

"La marehemu," Marselina alisema.

"Basi," Manyanda alisema.

Zakayo alikuja kulichukua mwezi wa sita, asubuhi ile ya baridi ambayo watu wa Mpanda wanatembea wamejifunga mablanketi. Alifuatana na Manyanda. Alikuwa amevaa koti jipya, anataka kwenda Inyonga kujionyesha kwa marafiki zake. Alivuta turubai, akazunguka gari, akapiga piga boneti.

"Shem, funguo."

Marselina alimpa. Kisha akamwambia, "Nisubiri kidogo nibadilishe pedi za breki. Hizo ni za mbio, zikiwa baridi hazishiki. Sitachelewa, jeki iko hapa."

Zakayo alimtazama Manyanda. Manyanda alitikisa kichwa.

"Usiguse kitu," mzee alisema. "Mafundi tunawajua nyie. Mnafungua kizima, mnafunga kibovu, kizima mnauza."

"Baba, hizo nitakazofungua chukueni nazo. Nitazitia kwenye boksi, zote nawapa. Ninachoomba ni kufunga za kawaida tu."

"Nimesema usiguse."

Zakayo aliingia ndani, akakanyaga breki, akacheka. "Mbona ngumu hizi? Breki safi kabisa."

"Ukiwa umesimama zote ni ngumu," Marselina alisema. Aliinama dirishani. "Zakayo, nisikilize. Nilikuwa naendesha mimi, najua. Ukifika mteremko usikimbie. Kanyaga kanyaga kwanza zipate moto. Hata usipotaka kunisikia, fanya hilo tu."

"Shem, unataka kunitisha ili niliache."

Aliwasha. Tangu Malale augue, Marselina hakuwa ameusikia mngurumo ule. Alilifuata mpaka barabarani, Manyanda amebaki uani, akaona gari la bluu linapiga kona bila kuonyesha taa. Akampigia simu. Akapiga tena. Haikupokelewa.

Ajali ilikuwa kwenye mteremko wa daraja, si mbali na mji. Ng'ombe walikuwa wanavuka. Waliokuwepo walisema walimwona Zakayo amekaza mguu, mwili wote umenyooka kwenye siti, na gari halikupungua. Aliua ndama, akakwepa waliobaki, akaingia kwenye kalavati. Chuma cha mbele kilimbana goti. Hospitali walimkata mguu.

Siku hiyohiyo Kawajense nzima ilikuwa inasema mjane wa Malale amekata breki.

Trafiki walilikagua gari. Walikuta mipira ya breki yote mizima, mafuta yake yamejaa, pedi mpya. Marselina alipewa nakala ya ripoti, akaenda nayo kwenye kikao cha ukoo akiwa na matumaini. Aliisoma mwenyewe, kwa sauti, kusudi kila mtu asikie kwamba hakuna kilichokatwa. Akamaliza. Akaona nyuso zinabadilika, lakini si kwa namna aliyoitarajia.

"Yaani breki zilikuwepo," Manyanda alisema polepole, "nzima, mpya, na hazikushika."

Mama mmoja akashika kifua. "Mayu wee! Uchawi."

"Si hilo ndilo nililowaambia!" Marselina alisimama. "Niliwaambia hazishiki zikiwa baridi! Niliomba kubadilisha, wewe baba ukanikatalia. Ulikuwepo."

"Nilisikia mtu anaomba kufungua matairi," mzee alisema. "Kwa nini, sikuelewa. Sasa naelewa."

Marselina alimgeukia Zakayo. Walikuwa wamemlaza kwenye mkeka ukutani, amefunikwa kanga mpaka kiunoni.

"Zakayo. Sema nilikwambia nini dirishani."

Zakayo aliangalia ukuta.

"Ulikuwa na akili zako zote. Nilikwambia nini?"

"Sikumbuki," alisema.

Walimpa wiki moja ahame. Mama mkwe, aliyekuwa akimletea maziwa ya mgando kila alipokuja mjini, alipita karibu yake wakati wa kutoka, akaukusanya upindo wa kanga yake usimguse.

Mabaki ya gari ukoo haukuyataka tena. Yalivutwa na kumwagwa mbele ya chumba alichopanga Makanyagio, na hivyo Impreza ikawa yake hatimaye. Wenzake wa Magamba walikuja kumpa pole. Walikaa kidogo, wakazungumza habari za lami inayoanza kubomoka, kisha mmoja akauliza kwa aibu kama springi zilipona. Marselina alichukua spana akazifungua mwenyewe. Akawapa na rejeta, na siti ya dereva. Walipomwalika aje hata kutazama, alisema atakuja. Hakwenda.

Alipata kazi kwenye gereji ya pikipiki. Baadhi ya wateja wakimwona walisukuma pikipiki zao kwa fundi mwingine. Alizoea.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeanza siku bajaji iliposimama mbele ya gereji na Zakayo akashuka na magongo. Alikuwa amekonda. Alisubiri mpaka wengine wakaenda kunywa chai.

"Shemeji," alisema. "Nakumbuka."

Marselina alikuwa anafungua injini ya pikipiki aina ya Boxer. Hakuinua kichwa.

"Nakumbuka kila kitu. Ulisema nikanyage kanyage zipate moto. Nilipofika pale juu nilikumbuka, nikaona nikifanya hivyo utakuwa umenishinda."

"Kawaambie."

"Siwezi. Duka sasa analishika baba mkubwa. Ndiye ananilisha, mimi na watoto. Nikimwambia mbele za watu kwamba alikosea..." Hakumaliza.

"Kwa hiyo umekuja kuniambia mimi, ambaye nilikuwa najua."

Zakayo alihamisha gongo. "Silali, shem. Sema tu umenisamehe, nipate kulala."

Marselina alimtazama sasa. Alikuwa na pua ya Malale, na paji lile lile. Marselina alitafuta ndani yake neno la kumpa, akakuta hata la kumtukana halipo.

"Bajaji inakusubiri," alisema, akarudi kwenye injini.

Dereva akapiga honi, kisha akapiga tena, na magongo yakaenda zake kwenye tope. Bolti aliyokuwa anaifungua Marselina ilikuwa imekatikia ndani. Alihangaika nayo mpaka mchana, akiitia mafuta na kuigonga, na haikutoka.